Tuliobaki na Migomba

Wajukuu wangu wanavijua Vita vya Kagera kwa maneno matatu: sababu, uwezo, nia. Wameyasoma darasani, wanayasikia redioni kila Julai 25 inapofika Siku ya Mashujaa, na mmoja wao huyaiga kwa sauti ya Mwalimu Nyerere mpaka tunashika mbavu. Simlaumu. Hotuba ile ya Novemba 1978, ambayo Mwalimu aliitoa mbele ya wazee wa Dar es Salaam, niliisikia mwenyewe kwenye redio ya mwenyekiti wetu wa kijiji, watu wazima wamejaa uani kimya kama wako msibani. Hotuba ilipokwisha, redio ilizimwa ili betri zisiishe, na kila mtu akarudi kwake. Hapo ndipo sehemu yetu sisi watoto ilipoanza, na sehemu hiyo sijaiona katika kitabu chochote ambacho wajukuu hawa wameniletea niwasaidie kusoma.

Nilikuwa darasa la sita. Kijiji chetu kiko kando ya barabara inayotoka Bukoba kwenda Muleba, karibu na bandari ya Kemondo. Mkoa wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera ulilipata mwaka 1979, baada ya vita. Kwa hiyo rika langu tulizaliwa mkoa mmoja tukakulia mwingine bila kuhama nyumba.

Katikati ya Oktoba 1978 ndege za Idi Amin, mtawala wa Uganda, ziliangusha mabomu Bukoba. Kishindo kilikuwa kikubwa kuliko hasara, lakini kilitosha: waliokuwa na ndugu vijijini walifunga mizigo wakaondoka. Oktoba 30 majeshi yake yalivuka mpaka, yakaishika nchi yote mpaka ukingo wa Mto Kagera, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,800, kisha akatangaza kwamba kuanzia hapo ni Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka lililipuliwa. Mambo hayo mtoto hakuyaona. Alichokiona ni barabara.

Watu wa Kyaka, Bunazi, Kasambya na Minziro walianza kupita kwetu kwa makundi, wengine kwa miguu, wengine juu ya malori ya kahawa. Namkumbuka mama mmoja aliyejitwika kichwa cha cherehani bila meza yake. Bibi yangu alimkaribisha akae, akampa uji, akamuuliza kwa nini katika vitu vyote amechagua kile. Akajibu kwamba meza fundi yeyote anaweza kumtengenezea. Alikaa kwetu mpaka mwaka uliofuata, akishona kwa mkono mmoja huku sisi watoto tukipokezana kuzungusha gurudumu kwa kushika mpini, kichwa cha cherehani kimefungwa kwa kamba juu ya ubao. Nguo zote tulizovaa Krismasi ile alizishona yeye, kutokana na nguo kuukuu za watu wazima.

Shule yetu iligeuzwa malazi ya waliokimbia. Madarasa ya juu tulihamia chini ya mikaratusi, na mvua za vuli zikinyesha masomo yanakwisha. Mchakamchaka wa asubuhi, tuliouchukia, ukawa ndio kipindi pekee ambacho hakikukosekana hata siku moja. Walimu wawili vijana waliondoka kwenda jeshini katika wiki moja. Hisabati ya darasa la tatu ikafundishwa na wenzetu wa darasa la saba, na nadhani hawakufundisha vibaya.

Novemba kwetu ni mwezi wa senene, wale panzi wa kuliwa. Asiyetoka Buhaya, kwetu Wahaya, hawezi kuelewa vizuri: senene wakishuka, kazi zote husimama. Alfajiri watoto na kina mama hutawanyika kwenye nyasi zenye umande na kukusanya. Usiku, mahali penye taa kali, senene huanguka kama mvua na watu wazima huokota kwa magunia. Mwaka ule taa za bandarini zilizimwa usiku kwa hofu ya ndege, na tukaambiwa asubuhi tusitawanyike mbali na nyumba. Senene walikuja. Tuliwasikia wakipita juu gizani, ule mvumo wa mabawa, na hawakuwa na taa ya kuwavuta chini. Bibi alikaa mlangoni akasikiliza mpaka mvumo ukapita, kisha akasema kwamba sasa ameamini kuwa ni vita kweli.

Baba yangu alikuwa mgambo wa kijiji. Kabla ya hapo umgambo kwake ulikuwa gwaride la Jumamosi na bunduki ya mti. Jeshi la Wananchi lilikuwa na askari wapatao 40,000. Mpaka vita vinakolea lilikuwa limefikia kama 150,000, na maelfu kwa maelfu ya hao walioongezwa walikuwa mgambo kama yeye, watu wa jembe, wakichanganyika na vijana wa JKT, polisi na magereza. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kuwasafirisha. Misafara ilipita kwetu usiku na mchana, na sisi watoto tulisimama kando ya barabara na mikungu ya ndizi, tunairusha juu ya malori. Askari wa kutoka Mtwara na Dodoma hawakuzijua ndizi zetu. Walizila za kupika zikiwa mbichi, tukacheka. Ninawaza leo kwamba wengine kati yao hawakurudi, na jambo la mwisho walilopewa na mtoto yeyote lilikuwa kicheko kile.

Wanaume walipokwisha kuondoka, kilichobaki ni migomba.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndiyo kiini cha ninachotaka kusema. Kibanja cha Mhaya ni shamba na ni nyumba na ni makaburi. Migomba huizunguka nyumba, kahawa imo katikati ya migomba, maharage chini yake, na wazee wamelala humo humo. Kazi zake zilikuwa na wenyewe. Palizi, maharage na nyasi za kutandaza zilikuwa za mwanamke. Kukata majani makavu, kupunguza machipukizi, kung'oa visiki na kukamua ndizi za pombe ya rubisi zilikuwa za mwanamume, na mwanamke aliyeonekana na kisu cha migomba watu walimtazama mara mbili. Mgomba usipopunguzwa machipukizi kwa msimu mmoja, mikungu hudhoofika. Ukiachwa misimu miwili, funza na fukusi huingia kwenye kisiki na shamba lililotunzwa vizazi vitatu huanza kulala chini.

Mama alichukua kisu cha baba kilichokuwa kimechomekwa kwenye paa, akanikabidhi. Yeye alikuwa mjamzito. Bibi alikaa kwenye kigoda katikati ya shamba akaniongoza kwa fimbo: huyu mwache, huyu mtoe, huyu ni mjukuu wa ule pale, mwache amrithi mama yake. Kila mgomba una mama, mtoto na mjukuu. Unaacha watatu wa vimo mbalimbali na kuwaondoa wengine wote. Nilijifunza kuukata mgomba mkubwa kwa mkato wa mshazari ili uangukie upande usio na kahawa. Utomvu wa mgomba ukiingia kwenye nguo hautoki, na sabuni tayari ilikuwa ya kutafutwa. Gauni langu la shule lilikuwa na madoa meusi mpaka nikamaliza darasa la saba, na sikuwa peke yangu. Ukiwatazama wasichana wa darasa letu wamepanga mstari, uliweza kujua kwa madoa ni nani ambaye baba yake yuko vitani.

Barua zilikuja kwa kuchelewa. Mama alikuwa amehudhuria elimu ya watu wazima na aliweza kusoma, lakini majirani wengi walinijia mimi. Kwa hiyo nilizisoma barua za nyumba nyingi, na kama ningeulizwa vita ni nini kwa kuzitegemea hizo tu, ningejibu kwamba vita ni mahali ambapo wanaume hukaa wakifikiria mashamba yao. Hawakuandika habari za risasi. Waliandika: usisahau samadi kwenye ile migomba ya bondeni. Kahawa usimkabidhi fulani, mwaka jana alipunja mizani. Mbuzi tuliyemkopesha shemeji mdai. Ushirika ulikuwa umevunjwa mwaka 1976 na kahawa ilinunuliwa kupitia kijiji, hivyo barua nyingi zilieleza kwa urefu namna ya kusimama karibu na mizani. Vita vilionekana kwenye karatasi tu. Mwanzoni zilikuwa kurasa za daftari za hapa nchini. Kuanzia mwishoni mwa Februari zikawa karatasi nzuri zenye vichwa vya ofisi za Masaka, upande wa nyuma mtupu.

Redio ndiyo iliyotuambia mengine. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa zilizotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania ziliweza kunyamazisha hata watoto wachanga. Mutukula ilitwaliwa Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, halafu Machi tukasikia Libya imemletea Amin askari na ndege. Moja ya ndege hizo ililenga Mwanza. Mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala. Sisi tulicheka sana, kwamba Gaddafi anapigana na swala. Watu wa Mwanza waliochimba mahandaki nyuma ya nyumba zao hawakucheka.

Redio hiyo hiyo ilimwita Amin nduli, fashisti, na sisi tukayachukua maneno hayo tukaenda nayo kwenye michezo. Katika mchezo wetu hakuna aliyekubali kuwa Amin, hivyo aliyechelewa kufika ndiye alikuwa Amin, na alipigwa kweli. Lakini nyumbani kwetu palikuwa na jambo ambalo redio haikuwa na nafasi nalo. Shangazi yangu, dada wa baba wa tumbo moja, alikuwa ameolewa Kalisizo, kwenye barabara ya kutoka Mutukula kwenda Masaka.

Watu wa bara na wa pwani husahau kwamba mpaka ule ni mstari wa wakoloni uliopita juu ya watu waliokuwa wakioana, wakiuziana kahawa na kuzikana. Kihaya na Kiganda hukaribiana kiasi cha watu wawili kufika sokoni pamoja na kununua bila mkalimani. Kabla ya vita shangazi alikuja kila mwaka na vitambaa, na watoto wake walikuwa wanatuzidi nguo. Vita vilipoanza jina lake halikutajwa tena mbele ya wageni. Wanafamilia wenye lafudhi ya upande ule walianza kuongea kwa kupima, na mzee mmoja mwuza chumvi aliyekuwa amezaliwa Rakai alihojiwa na mgambo wa vijiji vitatu tofauti kwa kosa la kutembea. Bibi alikuwa na mwana aliyebeba bunduki kuelekea kaskazini na binti aliyekuwa njiani mwake. Jioni, wakati wa sala, aliwaombea wote wawili kwa majina yao ya ubatizo, bila kusema nani yuko wapi. Sisi watoto tuliitikia amina tukijua, na tukijua pia kwamba haisemwi.

Kampala iliangukia mikononi mwa jeshi letu na wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin Aprili 11, 1979, Jumatano ya Juma Kuu. Padri wetu alipiga kengele kabla ya wakati wake, jambo ambalo baadaye alijutia, au angalau alisema amejutia. Watu walicheza barabarani. Mimi nilicheza. Mama, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kiume miezi michache kabla, alinyonyesha akiwa amekaa juu ya gogo na kutazama.

Baba alirudi kabla mwaka haujaisha, amekonda, ana redio kaseti na godoro la sponji. Wengi walirudi hivyo. Kuna waliorudi na saa mbili kwenye mkono mmoja, na kuna mmoja alikuja na mlango wa friji bila friji. Tusijifanye hatukuona. Sukari ya kiwanda cha Kagera na ng'ombe wa ranchi ya Missenyi walikuwa wameibwa na askari wa Amin, watu wetu walikuwa wameuawa na wengine kuchukuliwa mateka, na Masaka na Mbarara zikabomolewa na mizinga yetu kwa hasira hiyo. Mtu mzima anaweza kuzipima hasira hizo mbili. Lakini godoro lilikuwa mbele yetu, jipya, lina maua ya bluu.

Bibi alilizunguka. Akauliza, "Tata, hili limetoka nyumba ya nani?" Kwetu mama humwita mwanawe hivyo anapotaka amsikilize kwa heshima. Baba akasema vitani hakuna mtu wa kumuuliza. Bibi akasema yeye anamuuliza mwanawe. Baba akaeleza kwamba alipita kwa dada yake Kalisizo, nyumba ipo, bati limetoboka, hakuna mtu. Na kwamba godoro amelipata mbali na hapo, Masaka mjini, dukani, ndani ya nailoni yake. Bibi alilisikia hilo, akaamuru godoro lisimamishwe ghalani. Lilikaa humo karibu mwaka mzima, sisi tukilala kwenye nyasi kama kawaida.

Shangazi alikuja mwaka 1980, na binti yake wa rika langu. Tulipelekwa kuchota maji pamoja na hapo ndipo nilipopata kusikia vita kutoka upande wa pili. Walikuwa wamekimbilia ndani kabisa ya migomba, wakilala kwenye majani makavu. Kwanza waliwakimbia askari wa Amin waliokuwa wakirudi nyuma na kupora, kisha wakaikimbia mizinga yetu. Ile mizinga ya roketi watu wa kwao waliiita Saba Saba, na mtoto akilia usiku alitishwa kwa jina hilo. Mimi Sabasaba niliijua kama sikukuu ya Julai, ya ngoma na miwa. Nilimwambia habari za senene waliopita gizani. Akaniambia wao waliwala, kwa sababu huko moto wa nyumba zilizoungua uliwavuta. Tulijaza ndoo tukarudi. Usiku ule bibi mwenyewe alilitoa godoro ghalani, akaliondoa vumbi na kumtandikia binti yake. Hakuna aliyesema neno.

Baada ya vita Mwalimu aliomba nchi ifunge mkanda kwa miezi 18. Sina ugomvi na ombi lile. Vita viligharimu fedha ambazo nchi haikuwa nazo, hesabu inayotajwa sana ni dola milioni 500 za Marekani, na vilikuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na wakati bei ya mafuta inapanda. Lakini mkanda haukufunguka miezi 18 ilipopita. Ulipofunguka mimi nilikuwa mke wa mtu. Ujana wetu wote ulipita kwenye foleni: unaamka saa kumi alfajiri, unaweka jiwe lako dukani kushika nafasi, unarudi kuchota maji, unakwenda shule, unarudi kulisimamia jiwe. Sukari kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi. Majani ya mpapai badala ya sabuni. Katambuga za matairi miguuni. Kiberiti kikikosekana unatumwa kwa jirani na kigae kuomba kaa la moto. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, bahati ya wachache wakati huo, nilikutana na ugali wa unga wa Yanga, wa mahindi ya njano ya msaada, na watoto wa migomba tuliulilia machozi. Mwaka aliofariki bibi, kitambaa cha sanda hakikupatikana, akazikwa katika nguo ya magome ya mti aliyoihifadhi tangu ujana wake. Wajomba waliona haya. Mimi naona alizikwa vizuri kuliko yeyote.

Bunduki nazo zilirudi, si zote zikafika ghalani kwa jeshi. Ujambazi wa kutumia silaha, tusioujua tukiwa wadogo, uliingia barabara za kwetu na za Mara, na wizi wa ng'ombe wa namna hiyo huko Kahama ndio uliowafanya Wasukuma waanzishe sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Halafu mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu. Sisi tuliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za magendo zilizotoka Uganda. Wapo wanaosema uliletwa na askari. Nimewazika wengi mno kuridhika na jibu rahisi namna hiyo. Magendo, umaskini na barabara vilikuwepo kabla na baada ya vita. Ninalojua ni kwamba wale wenzangu tuliosimama barabarani na mikungu ya ndizi walikuwa na miaka ishirini hivi ugonjwa ulipokolea, na picha ya darasa letu la saba ya mwaka 1979 nikiitazama, walio hai ni wachache kuliko waliokufa.

Tuliobaki tuna tabia zetu. Mfungulie kabati mwanamke yeyote wa rika langu utakuta miche ya sabuni ya kutosha miaka miwili, na binti zake wakimcheka hasemi kitu, anaipanga upya. Tunanong'ona tukitaja bei. Tukialikwa arusini tunaangalia kwanza kama chakula kitawatosha wote. Na tunapokutana tunapenda kusema kwamba siku zile tulikuwa wamoja. Hapo ndipo huwa nawakatisha. Tulikuwa wamoja siku ya hotuba na siku ya kengele. Katikati tulisukumana kwa viwiko dukani, wapo waliopewa sukari kwa mlango wa nyuma, na mzee wa Rakai alihojiwa kwa sababu ya lafudhi. Vita vilikuwa vya haki. Mtu akichukua nchi yako na kuipa jina lake, unampiga. Nimelisema hilo maisha yangu yote na sitalibadilisha uzeeni. Ila haki ya vita haifuti deni la vita, na deni hilo halikulipwa na waliotoa hotuba wala na waliobeba bunduki peke yao.

Nirudi kwenye migomba. Baba alipofariki, ukoo ulikaa, na kibanja kikaenda kwa mdogo wangu wa kiume, yule aliyekuwa akinyonya siku Kampala ilipoanguka. Ndiyo ilikuwa mila: binti hula matunda ya shamba la ukoo, halirithi, haliuzi. Hakuna aliyenionea, hakuna hata aliyefikiria kuniuliza. Nilikuwa nimeikata migomba ile kwa kisu cha baba mpaka kiganja kikaota sugu, niliifahamu mama na mjukuu, na mdogo wangu alihitaji kuonyeshwa mpaka uko wapi. Nilimwonyesha. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, alikuwa na haki ya kuliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia, kwa sababu Katiba haikubali ubaguzi ule wa kimila. Nilisoma habari hiyo kwenye gazeti lililofungia samaki, nikalikausha na kulitunza. Kwa nyumba yetu uamuzi ulikuja ukiwa umechelewa, na kwa nyumba nyingi za kwetu mpaka leo haujafika.

Askari wetu waliokufa wamelala Kaboya, Muleba, kwenye makaburi yanayotunzwa vizuri. Sikatai heshima hiyo hata kidogo. Vijana wale wa Mtwara na Dodoma walizikwa mbali na makwao kwa ajili yetu, na kwa Mhaya hakuna kitu kizito kuliko kulala nje ya shamba la baba yako.

Oktoba 2028 vita vile vitatimiza miaka 50. Bila shaka kutakuwa na gwaride, na hotuba ya sababu, uwezo na nia itarudiwa. Nawaomba watakaoandaa shughuli hiyo, pamoja na walimu wa historia na ninyi wajukuu wenye simu za kurekodi, msiishie Kaboya na kwenye vifusi vya kanisa la Kyaka. Ingieni vijijini, mwanzie na bibi zenu, mkawaulize maswali mawili: mwaka ule migomba ya nyumba hii ilikatwa na nani, na leo ni ya nani? Andikeni majibu na majina yao. Msichelewe, maana wale waliokuwa darasa la kwanza mwaka ule wa 1978 nao sasa wana mvi.